Jina la Duka Lako Mtandaoni ni la Nani?

Leo nazungumzia ugomvi wa majina ya biashara kwenye intaneti, yale tunayoyaandika tukitafuta tovuti ya duka, hoteli au kampuni, yanayoishia na .com, .co.tz au .co.ke. Mafundi huyaita majina ya vikoa.

Tarehe 7 Oktoba 1999, mkazi mmoja wa California alisajili jina worldwrestlingfederation.com. Wakati huo hilo lilikuwa jina la kampuni ya mieleka ya Marekani iliyojulikana dunia nzima. Siku tatu baadaye aliwaandikia wenye kampuni kuwaambia kwamba jina analo yeye, na kwamba yuko tayari kuwauzia. Bei aliyoitaja baadaye ilikuwa dola 1,000. Kampuni haikununua. Ilipeleka malalamiko Geneva, kwenye kituo cha usuluhishi cha Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, na tarehe 14 Januari 2000 mwamuzi akaagiza jina hilo likabidhiwe kampuni. Hilo ndilo shauri la kwanza kuamuliwa chini ya kanuni ambazo ICANN, taasisi inayosimamia mfumo wa majina ya intaneti, ilikuwa imezipitisha miezi michache tu kabla. Mwaka 2023 peke yake, kituo hichohicho cha Geneva kilipokea mashauri zaidi ya 6,000.

Kabla ya kanuni hizo, mwenye jina hakuwa na pa kwenda ila mahakamani. Kuna kesi moja mashuhuri ya Dennis Toeppen, ambaye mwaka 1995 alisajili panavision.com, jina la kampuni ya kamera za sinema. Kwenye tovuti akaweka picha za mji mdogo wa Pana, katika jimbo la Illinois, kisha akaitaka kampuni imlipe dola 13,000. Kampuni ilipokataa, akasajili na jina la bidhaa yake nyingine, panaflex.com. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilimwangusha mwaka 1998, lakini fikiria gharama ya mawakili na muda uliopita. Tena hao wote walikuwa nchi moja. Je, kama mwenye duka yuko Mombasa, aliyesajili jina yuko Bulgaria, na kampuni iliyolisajili iko Arizona? Utafungua kesi wapi, na hukumu atakutekelezea nani?

Kanuni za ICANN zilijibu swali hilo kwa njia ambayo mimi naiona ya busara. Kila anayesajili jina la .com, popote alipo, anakubali ndani ya mkataba wake na msajili, yaani kampuni iliyomsajilia jina, kwamba mtu akimlalamikia, shauri litasikilizwa na waamuzi wa kituo kilichoidhinishwa, na msajili atatekeleza uamuzi wao. Hakuna kusafiri wala kusimama kizimbani. Malalamiko hutumwa kwa mtandao, msajili hulifunga jina ili lisihamishwe, mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu, na mwamuzi husoma maandishi ya pande zote mbili na kuandika uamuzi. Aliyeshindwa ana siku 10 za kazi kabla ya uamuzi kutekelezwa. Ndani ya siku hizo anaweza kukimbilia mahakamani kuuzuia. Mara nyingi yote haya hukamilika ndani ya miezi miwili au mitatu.

Mlalamikaji hubeba mzigo wa kuthibitisha mambo matatu, na likikosekana moja shauri linaanguka. Kwanza, kwamba jina linafanana, au linakaribia kufanana kiasi cha kuwachanganya watu, na alama ya biashara ambayo yeye ana haki nayo. Pili, kwamba aliyelisajili hana haki wala sababu halali ya kulitumia. Tatu, kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Hili la tatu ndilo lenye utamu wa kisheria. Yule bwana wa mieleka hakuwa amefungua tovuti yoyote. Mwamuzi akasema kule kujaribu kumuuzia mwenye alama ni matumizi tosha. Mwaka huohuo 2000 kampuni ya simu ya Australia, Telstra, ilimlalamikia mtu aliyeshikilia telstra.org bila kuitumia kwa lolote, huku akijificha nyuma ya jina la uongo. Mwamuzi akasema hata kukaa kimya na jina la mtu kunaweza kuwa nia mbaya, mazingira yote yakionyesha hivyo. Kwa hiyo utetezi wa "mimi sijalitumia, nimeliweka tu" hauna nguvu ambayo wengi wanaidhani.

Sasa tuje kwetu. Migogoro ambayo mimi naisikia sana hapa Afrika Mashariki haifanani na ile ya Toeppen. Mtekaji wa jina mara nyingi si mgeni wa mbali. Ni mtu uliyemlipa mwenyewe.

Tuseme mama mmoja ana duka la vitenge Kariakoo. Biashara imekua, wateja wanapiga simu kutoka Lubumbashi na Kigali, naye anataka tovuti. Anamtafuta kijana fundi wa kompyuta, anamlipa, na baada ya wiki mbili tovuti iko hewani. Jina la duka limesajiliwa, lakini kwa jina la nani? Kwa jina la kijana, kwa barua pepe ya kijana, kwa akaunti ya kijana kwa msajili ambaye mama hajawahi kumsikia. Kijana hakuwa na ubaya siku ile. Ilikuwa rahisi tu kufanya hivyo. Mwaka wa tatu wanakosana kwa malipo, au kijana anapata kazi Doha na simu yake haipatikani, au anaandika ujumbe: nilipe milioni 2 nikukabidhi tovuti yako. Ni sawa na kumtuma mtu akakupimie kiwanja, ukalipa gharama zote, kisha hati ikatoka kwa jina lake. Nyumba umeijenga wewe, lakini mwenye karatasi ni yeye.

Mama huyu akienda Geneva atapata nini? Nasikitika kusema, huenda asipate kitu. Kanuni zinataka jina liwe limesajiliwa kwa nia mbaya tangu mwanzo, na hapa kijana alilisajili kwa ruhusa ya mama mwenyewe, tena kwa kazi ya mama. Wapo walioshinda kwa kuthibitisha kwamba fundi alikuwa wakala wao tu, lakini mara nyingi waamuzi husema: huu ni mgogoro wa mkataba kati ya watu wawili waliofanya kazi pamoja, upelekeni mahakamani. Na kule mahakamani hakimu atauliza mkataba uko wapi. Mkataba ulikuwa mazungumzo ya dakika 10 mbele ya duka, na risiti hakuna.

Hata kama ubaya ungekuwa dhahiri, ada ya WIPO kwa mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3 za Tanzania, na kwa Kenya inakaribia laki mbili, bado hujamlipa wakili. Tena ukishinda, unachopata ni jina lenyewe au kufutwa kwake. Fidia hakuna. Wateja waliopotea miezi yote hiyo, waamuzi hawana mamlaka ya kuwahesabu.

Hapa lazima niguse jambo la alama ya biashara, kwa sababu watu wengi wanalichanganya na jina la biashara. Ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, ukasajili jina la biashara na kupewa cheti, umefanya jambo jema, lakini cheti hicho si alama ya biashara. Ni uthibitisho kwamba unaendesha biashara kwa jina hilo. Alama ya biashara ni usajili mwingine, wenye maombi yake, ada zake na tangazo lake ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kenya kazi hiyo hufanywa na KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia miliki ya viwanda. Na wewe mwenye hoteli Nungwi au Paje, fahamu kwamba alama iliyosajiliwa BRELA haivuki maji. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Mwenye biashara pande zote mbili za Muungano anapaswa kusajili pande zote mbili. Naona huu ni mzigo usio wa lazima kwa mfanyabiashara mdogo, lakini ndivyo sheria ilivyo leo.

Asiye na alama iliyosajiliwa hajafungiwa mlango kabisa. Waamuzi hukubali pia jina ambalo halijasajiliwa, ikiwa mwenyewe ataonyesha kwamba umma unalitambua kuwa ni lake: miaka aliyolitumia, mauzo, matangazo, habari za magazetini, picha zenye tarehe. Ni ushahidi mzito kuukusanya, na anayeuanza siku ya ugomvi huwa amechelewa.

Halafu kuna tatizo la majina yetu yenyewe. Maduka mangapi yanaitwa Baraka? Upendo? Tumaini? Amani? Mwanamuziki wa Uingereza anayejulikana kama Sting aliomba apewe sting.com mwaka 2000 akashindwa. Mwamuzi alisema hilo ni neno la kawaida la Kiingereza, na aliyelisajili alieleza kwamba amekuwa akilitumia kama jina lake la utani kwa miaka. Mwigizaji Julia Roberts, ambaye jina lake kamili halina maana nyingine kamusini, alishinda mwaka huohuo. Mwenye Duka la Amani ajue kwamba mwenye Amani mwingine Kisumu au Bujumbura anaweza kuwa na haki sawa na yeye, na kwa majina ya namna hiyo aliyetangulia kusajili kwa nia njema ndiye atakayebaki nalo.

Tena huo si udhaifu wa mfumo; ni haki. Alikuwepo Uzi Nissan, mzaliwa wa Jerusalem aliyekuwa na biashara ya kompyuta Raleigh, North Carolina. Nissan ni jina la ukoo wake. Mwaka 1994 alisajili nissan.com kwa ajili ya kampuni yake ya kompyuta. Desemba 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshtaki ikitaka dola milioni 10. Kesi ilimla miaka na fedha nyingi sana. Mahakama zilimkataza kuweka matangazo ya magari kwenye tovuti yake, lakini jina halikutwaliwa. Alifariki mwaka 2020 likiwa bado mikononi mwake. Mimi namheshimu sana mtu huyu. Ukubwa wa kampuni haumnyang'anyi mtu jina alilozaliwa nalo, na hata kanuni za ICANN zinawapa waamuzi nafasi ya kutamka wazi kwamba mlalamikaji amekuja kunyang'anya kwa kutumia kanuni vibaya.

Nimesema sana juu ya wauzaji. Mnunuzi je? Wengi wenu mmeagiza gari kutoka Japani kwa njia ya tovuti, au mna ndugu aliyeagiza. Matapeli wamelijua hilo. Hutengeneza tovuti yenye picha zilezile za magari na jina linalokaribia lile la kampuni ya kweli, limeongezwa kistari au herufi moja, kisha hukutumia ankara yenye akaunti yao ya benki. Unatuma fedha, gari haliji. Mtu aliyeibiwa namna hii hawezi kwenda Geneva, kwa sababu kule hupokelewa malalamiko ya mwenye alama tu. Kampuni ya Japani inaweza kulichukua lile jina la bandia; fedha zako hazimo katika uamuzi huo. Kwako wewe njia ni benki, tena siku hiyohiyo, kuomba muamala uzuiwe kabla haujafika au haujatolewa, kisha polisi. Na kabla ya kulipa, usibofye kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp. Andika jina la kampuni mwenyewe, herufi kwa herufi, na hakiki akaunti ya benki kwa kupiga simu ambayo umeipata kwingine.

Ugomvi wa hapa nyumbani una mlango wake. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayomtaka anayeuza kwa mtandao ajitambulishe na kueleza anachouza. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Aliyelipia jokofu kwa M-Pesa kupitia ukurasa wa Instagram na hakuletewa anaweza kuitumia, mradi anamjua muuzaji ni nani na yuko wapi. Kenya pia imeufanya utekaji wa majina ya mtandaoni kuwa kosa la jinai, katika kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018: faini isiyozidi shilingi laki mbili, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sipingi adhabu hiyo. Ila mfanyabiashara aliyetekwa jina anachotaka kwanza ni jina lake, na kumpeleka fundi wa tovuti jela hakumsaidii kufungua duka kesho asubuhi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba tunahitaji usuluhishi ulio karibu. Hata jina la bara letu liligombewa mbali nasi. ICANN ilipofungua milango ya majina mapya mwaka 2012, walijitokeza waombaji wawili wa .africa: taasisi ya Afrika Kusini iliyoungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika, na DotConnectAfrica, dhamana iliyosajiliwa Mauritius yenye shughuli zake Nairobi. Ombi la Nairobi liliposimamishwa mwaka 2013, wenyewe walipeleka malalamiko, na Julai 2015 jopo huru la waamuzi likasema ICANN imekiuka kanuni zake yenyewe. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ombi halikupita katika tathmini iliyofuata, kesi ikahamia mahakama ya Los Angeles, Februari 2017 .africa ikakabidhiwa Afrika Kusini, na mwaka 2019 mahakama hiyo ikaipa ICANN ushindi. Sababu moja inafaa kusikilizwa na kila anayesaini masharti bila kuyasoma: mbele ya lile jopo la kwanza, wanasheria wa DotConnectAfrica walisema kwamba, kwa masharti ya maombi, hawana ruhusa ya kwenda mahakamani. Hakimu aliwashika kwa maneno hayohayo.

Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ya .ke yako chini ya KeNIC, taasisi ya Kenya inayosimamia majina hayo. Zipo taratibu za usuluhishi. WIPO yenyewe hupokea mashauri ya .tz. Lakini utaratibu wa Geneva hauwezi kuwa kimbilio la mama wa vitenge. Mikataba ya wasajili wengi wa .com ni ya Kiingereza, na shauri hufuata lugha ya mkataba. Ninachowaomba wenye dhamana Dodoma, Dar es Salaam na Nairobi ni hiki: pawe na usuluhishi wa majina ya nyumbani unaoendeshwa kwa Kiswahili kwa anayetaka, kwa ada ambayo mwenye duka anaimudu, na unaopokea hata ule mgogoro wa mwenye biashara na fundi wake, ambao Geneva haiutaki. Na wasajili wa humu nchini walazimishwe kumtumia mwenye biashara mwenyewe ujumbe kila jina linaposajiliwa kwa niaba yake.

Hayo yatachukua muda, na wewe msikilizaji huna haja ya kuyangoja. Kama una tovuti, mpigie leo aliyekutengenezea. Muulize jina limesajiliwa kwa msajili gani, na nani ameandikwa kuwa mmiliki. Kama ni yeye, mwombe alihamishe kwako mkiwa bado mnasalimiana vizuri, umlipe haki yake, mwandikishane. Barua pepe iliyoko kwenye usajili iwe yako, si ya fundi wala ya karani anayeweza kuacha kazi. Lipia miaka kadhaa kwa mkupuo kama unaweza, maana jina la .com likipita muda wake wote wa nyongeza hufutwa, na yeyote anaweza kulichukua. Tunza risiti, leseni, picha za ubao wa duka na matangazo yenye tarehe. Na kama bado hujafungua tovuti, nenda kasajili jina kwa mkono wako mwenyewe kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unataka kuifungua. Gharama yake kwa mwaka kwa kawaida haifiki dola 20.